Wakazi wa kando ya ziwa tunataka gati la mashua bila kumaliza matete: tuanzie wapi?

Mkazi wa Kando (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu waliomo humu nasema shikamooni.

Ninaishi katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Ilemela, Mwanza, ambao upande wake wa magharibi unaishia Ziwa Victoria. Viwanja 14 vimepakana na ukanda wa ziwa, na nyuma yake kuna nyumba nyingine zipatazo arobaini ambazo wenyewe hufika majini kwa kijia kimoja kinachopita katikati ya viwanja hivyo. Kwa hesabu tuliyofanya mwezi uliopita, mtaa una mashua tisa: mbili ni mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, moja hubeba abiria na mizigo kwenda visiwani, na zilizobaki ni boti ndogo za faiba za watu binafsi, wengine wakizitumia kwenda mashambani kwao ng'ambo, wengine kwa mapumziko ya mwisho wa wiki.

Tatizo lilianza pale kila mwenye mashua alipotaka pa kuifunga mbele ya nyumba yake. Jirani wa kwanza alifyeka matete na mafunjo kwa upana wa kiwanja chake chote ili apate nafasi ya kupitisha boti isiyozidi mita mbili kwa upana. Wa pili aliona mbao zinaoza, akaamua kumwaga mawe na saruji kuingia majini kwa urefu wa hatua kama kumi na tano. Sina ugomvi na yeyote kati yao, kwani ni majirani wema na tunazikana. Lakini tangu ukuta ule wa mawe ukamilike, ufukwe wa upande wake wa kusini umekuwa ukimeguka kila wiki. Pana mpera pale ambao miaka mitatu iliyopita ulisimama mbali na maji kiasi cha watoto kucheza rede chini yake. Leo mizizi yake ya upande wa ziwa inaning'inia hewani, udongo umeoshwa chini yake, na ukiingiza mkono unapita hadi kwenye kiwiko bila kugusa kitu. Upande wa pili wa ukuta, magugu maji yanajikusanya na kuoza, na akina mama waliokuwa wakichota maji hapo wamehama.

Sasa wakazi wengine watano wameshaagiza mawe. Mwenyekiti wa mtaa ameniomba mimi na wenzangu wawili tuandae pendekezo la kupeleka kwenye mkutano wa mtaa kabla mawe hayo hayajashushwa. Binafsi ninaona tujenge gati moja la pamoja, mwisho wa kile kijia cha umma, na mbele ya viwanja vyote 14 matete yaachwe yaote tena. Naomba mnisaidie kwa mambo ambayo hayaniingii vizuri: sheria inaruhusu nini ndani ya zile mita 60 za kinga kutoka ukingo wa ziwa, gati la aina gani haliharibu ufukwe, na je, ni haki kumwambia mtu aliyenunua kiwanja kwa sababu ya ziwa kwamba asifunge mashua yake mbele ya mlango wake? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi zaidi.

Mzee wa Mwalo

Marahaba, mwanangu. Nimevua katika ziwa hili tangu enzi za makasia hadi mgongo uliponikatalia, kwa hiyo mengine nitawaachia wasomi, mimi nitasema la samaki.

Watu wengi wanaotazama matete wanaona uchafu, maficho ya nyoka na mbu. Mvuvi anaona nyumba. Nenda asubuhi na mapema wakati ziwa limetulia na maji ni maangavu, usimame mahali penye mchanga ambapo maji yanafika magotini au kiunoni, nje kidogo ya matete. Utaona mashimo ya duara chini, kila moja kama sinia la pilau, yamechimbwa na kufagiliwa yakawa meupe kuliko mchanga wa kando. Hayo ni malazi ya sato. Dume ndiye anayechimba na kulinda, na ukimtupia jani analisukuma nje ya shimo lake kwa mdomo. Jike hutaga pale, kisha huyachukua mayai kinywani na kuondoka nayo, na vifaranga wakishaachiwa hukimbilia penye majani ambapo sangara mkubwa hawezi kuwafuata. Kamongo naye ni wa mafunjo hayo hayo. Samaki wetu wa asili, ngege na mbiru, ambao mimi nilikula nikiwa mtoto, leo mjukuu wangu hawajui kabisa katika ziwa hili kubwa, na wale furu wadogo waliosalia kwa wingi ni wale waliopata pa kujificha kwenye miamba na kingo zenye majani.

Mkimwaga mawe mbele ya viwanja vitano, mtakuwa mmefukia mashimo hayo, na mkifyeka mbele ya vyote 14, wale watakaototolewa hawatakuwa na pa kukimbilia. Wale wenzetu wawili wa dagaa hawataona hasara mwaka huo huo, kwa maana dagaa huvuliwa mbali, gizani, kwa taa. Atakayeona ni mtoto anayevua kwa ndoana ukingoni ili nyumbani wapate mboga.

Jambo jingine ni hicho kijia. Usikiite kijia tu. Kwetu pahali ambapo watu hushukia majini, wakafunga mitumbwi, wakachota maji na kununua samaki ni mwalo, hata kama ni mdogo na haujaandikwa kwenye ramani yoyote. Watu wa nyumba arobaini za nyuma wanaujua kuwa mwalo wao. Gati likijengwa pale kisha likawekewa geti na kufuli kwa ajili ya wenye boti tisa, mtakuwa mmelinda matete na kuwapora watu ziwa. Uliza kwanza akina mama wanachota saa ngapi na wanafulia wapi, ndipo mchore.

Mpima Mstaafu

Ndugu mleta mada, nilifanya kazi ya upimaji wa ardhi kwa miaka mingi, na maswali kama lako ndiyo yaliyokuwa yakiletwa mezani kwangu mara kwa mara, kwa kawaida baada ya ukuta kukamilika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu zenye sura ya kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo imeweka kinga ya mita 60 kuzunguka vyanzo vya maji, na inatamka wazi kwamba rasilimali za maji ni mali ya umma, zikiwa chini ya udhamini wa Rais. Maana yake ni kwamba hati ya kiwanja haimpi mtu ziwa. Inampa ardhi iliyo ndani ya mawe ya mpaka, basi. Anayejenga ukuta wa saruji kuingia majini anajenga mahali ambapo hana hati napo, na hata kipande cha nchi kavu anachopitia kufika hapo kina masharti.

Hata hivyo, mtu asije akasoma zuio hilo na kudhani kwamba hakuna ruhusa ya kugusa ziwa kamwe. Kifungu hicho hicho kinampa Waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika katika ukanda huo, na kila mmoja wetu anajua kwamba watu hawawezi kupanda mashua bila kukanyaga ufukwe. Zingatieni hayo maneno "ya kudumu". Gati jepesi linaloelea, linaloweza kufunguliwa na kuondolewa, likifikiwa kwa njia ya mbao iliyoinuliwa, mnaweza kulitetea mbele ya mamlaka. Ukuta wa mawe na saruji hamtaweza. Lakini hata hilo jepesi msilijenge kimya kimya. Anzeni na muhtasari wa mkutano wa mtaa uliosainiwa, mwende nao halmashauri, kisha kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapo hapo Mwanza, na kwa mamlaka ya mazingira ngazi ya kanda, ambao watawaambia ni tathmini ya kiwango gani inahitajika. Chombo cha abiria na mizigo kikishatumia gati hilo, masuala ya usalama wake yanaingia mikononi mwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Kuna jambo ambalo huleta mabishano kuliko yote, nalo ni pa kuanzia kupima hizo mita 60. Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Kati ya Oktoba 2019 na mwisho wa Aprili 2020 lilipanda kwa zaidi ya mita 1.3, na Mei 2020 likavunja rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1964. Kabla ya hapo, mwaka 2006, lilikuwa limeshuka mno hata watu wakapanda mahindi mahali ambapo sasa pana maji. Tofauti kati ya kiwango kile cha chini na kile cha juu inakaribia mita tatu kwenda juu. Sasa chukua ufukwe wenye mteremko wa mita moja kwa kila mita 20: mita tatu za maji ni mita 60 za ardhi. Mtu aliyepima mwaka 2006 kutoka majini na kujenga kwa uaminifu wote, mwaka 2020 alikuwa akiamka na maji mlangoni. Ushauri wangu, ambao ni wa kitaalamu na si tafsiri ya mahakama, ni kwamba mtafute alama za juu kabisa ambako maji yalifika mwaka 2020 na tena 2024. Zipo kwenye kuta za nyumba na kwenye mashina ya miti. Wekeni vigingi hapo, na mpime mkielekea nchi kavu.

Kwa wenzetu wa Uganda, kanuni zao za mwaka 2000 zinataja ukanda wa mita 200 kwa Ziwa Victoria. Ziwa ni lile lile na samaki ni wale wale, kwa hiyo asitokee wa kusema mita 60 zetu ni uonevu.

Kiwanja Namba Tano

Nimesoma yote kwa heshima, na kwa kuwa mleta mada ni jirani yangu wa karibu, na mawe aliyoyataja mengine ni yangu, naomba nami nisikilizwe.

Marehemu baba yangu alipata kiwanja hiki mwaka 1987. Sheria inayotajwa hapa ni ya mwaka 2004. Katika miaka hiyo yote tumelipa kila tulichodaiwa, na hakuna ofisi iliyowahi kuja kutuambia kwamba mbele ya nyumba yetu kuna mstari. Leo ninaambiwa niende kufunga boti mwisho wa kijia, umbali wa viwanja sita kutoka kwangu. Sikatai kutembea. Ninachokataa ni kuamka asubuhi na kukuta injini haipo. Kila anayeishi kando ya ziwa hili anajua habari ya wizi wa injini za mashua, na mimi nimeshaibiwa moja. Nilikuwa nimeinunua kwa mkopo ambao niliendelea kuulipa kwa miezi minane baada ya injini yenyewe kutoweka. Mbele ya nyumba yangu nina taa, nina mbwa, na ninasikia mnyororo ukiguswa. Kwenye gati la wote, atakayesikia ni nani?

La pili ni gharama. Nimekwisha nunua mawe. Gati la pamoja likichangiwa sawa na nyumba zote 54, mjane wa nyumba ya nyuma asiye na mashua anachangia nini? Likichangiwa na wenye mashua tisa tu, basi sisi ndio wenyewe, na Mzee wa Mwalo anasema tusiweke geti. Naomba haya yajibiwe kwanza, kisha ndipo nitaelewa habari ya sato, ambaye nami ninampenda.

Fundi Mashua

Ndugu wa Kiwanja Namba Tano, pole sana kwa injini. Hoja yako ni ya kweli, na mimi ninayezitengeneza injini hizo nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hilo. Lakini fikiria hivi: magati manane yaliyotawanyika yanahitaji masikio manane, na mwizi huja kwa maji, kwa kasia, usiku wa mvua wakati mbwa amejikunyata barazani. Mialo mingi inayofanya vizuri huwa na chumba kidogo cha kuhifadhia injini, kilichojengwa nyuma ya mstari wa mita 60, penye kufuli na mlinzi mmoja anayelipwa na wenye mashua. Injini nyingi za boti kama zenu hubebwa na watu wawili. Boti hubaki majini, injini hulala ndani. Mlinzi huyo na chumba hicho ndivyo vya kuchangiwa na wenye mashua tisa, kwa kuwa ndio wenye injini. Njia na gati vichangiwe na mtaa kwa kiasi kidogo kwa kila kaya, kwa kuwa vitapitwa na wote, na mjane akitaka kutoa nguvu kazi ya siku moja badala ya fedha, hiyo nayo ni mchango kamili.

Sasa nije kwenye ujenzi. Ukuta wa mawe hauharibu kwa ubaya wa aliyejenga. Mchana upepo hutoka ziwani, mawimbi yanakuja kwa mshazari, na mchanga husafiri nayo polepole kando ya ufukwe, ukitoka hapa ukienda kule, mwaka hadi mwaka. Ukiziba njia kwa ukuta, upande unaopokea unajaa mchanga na takataka, na upande wa pili ambao ulikuwa ukiletewa mchanga sasa unanyang'anywa tu bila kurudishiwa. Zaidi ya hapo, wimbi likigonga ukuta halifi. Linageuka na nguvu zake na kwenda kuchimba pembeni. Likiingia kwenye matete linavunjwa shina kwa shina mpaka linafika nchi kavu likiwa povu. Ule mpera wa mleta mada unaonyesha yote hayo. Na tuseme ukweli, mkijenga kuta tano zaidi, kila mmoja atakuwa akila ardhi ya mwenzake wa kusini, na wa mwisho kabisa atakosa pa kujenga hata choo.

Gati ninalopendekeza lina sehemu tatu. Ya kwanza ni njia ya mbao yenye upana wa mita moja na nusu, iliyoinuliwa juu ya nguzo nyembamba ikipita katikati ya matete, mbao zikiachwa na nafasi ya kidole kati yake ili mwanga na mvua vipite na majani ya chini yasife. Nguzo zisiwe zile zilizotiwa dawa nzito ya kuzuia mchwa, maana dawa hiyo huvuja majini mahali ambapo watu wanachota. Ya pili ni daraja fupi lenye bawaba upande wa nchi kavu na magurudumu upande wa maji, ili ziwa likipanda au kushuka lenyewe lijipange. Ya tatu ni jukwaa linaloelea juu ya mapipa ya plastiki yaliyozibwa vizuri na kusafishwa kabisa kilichokuwemo, likishikwa kwa minyororo kwenye nanga za zege zilizolala chini. Ziwa likishuka kama mwaka 2006, mnafungua minyororo na kulisogeza mbele kwa nguvu za watu ishirini. Likipanda kama 2020, mnalirudisha. Gati la saruji lingekuwa ama limezama ama limekauka juu ya nchi kavu kama meli iliyopanda mwamba.

Kuhusu mawe uliyonunua, ndugu yangu, yatafaa sana kwa msingi wa hicho chumba cha injini na kwa mfereji wa kutuliza maji ya mvua yanayoteremka na kijia. Mtaa uyanunue kwako kwa bei uliyolipa.

Na mafuta yasijazwe gatini. Jazeni nchi kavu, tanki likiwa ndani ya beseni, kwa sababu petroli ya kikombe kimoja ikimwagika penye maji yaliyotulia mtaiona ikitanda rangi rangi kuanzia hapo hadi kwenye ndoo za watu.

Muuguzi wa Zahanati

Naomba kuongeza neno fupi, kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakifyeka matete kwa hoja ya kichocho. Ni kweli kwamba konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye mimea. Lakini katika Ziwa Victoria wapo pia konokono wanaoishi kwenye mchanga na ufukwe ulio wazi, kwa hiyo kufyeka hakumwondolei mtu hatari. Wakati mwingine kunaongeza watoto wanaoingia kuogelea mahali ambapo zamani hawakuingia. Kinachosaidia ni vyoo, dawa ya prazikwanteli kwa wakati wake, na kupunguza muda ambao watu wanasimama ndani ya maji.

Hapa ndipo gati la pamoja linaponivutia. Mwanamke akiweza kuchota kutoka kwenye jukwaa bila kulowesha miguu, na mtoto akapanda mashua bila kuvuka maji ya magotini, hiyo ni faida ya kiafya ambayo haijatajwa hapo juu. Tafadhali wekeni ngazi ya chini ya kuchotea upande mmoja, mbali na injini.

Jirani wa Naivasha

Salamu kutoka Kenya. Nimefuatilia mjadala huu kwa makini kwa sababu ziwa letu ni dogo, na makosa huonekana upesi.

Kando ya Ziwa Naivasha wenye mashamba walifikia makubaliano na serikali tangu mwaka 1933 kwamba ardhi inayoachwa na maji yanapopungua wanaweza kuitumia, lakini wasijenge juu yake jengo lolote la kudumu, kwa sababu ziwa lina haki ya kuirudia. Sharti hilo limekuwa likisemwa na watu wazima hapa kama jambo la kawaida. Penye kuliheshimu, maji yalipopanda mwaka 2020, hasara ilikuwa ua na boma la mifugo. Penye kulisahau, kama mtaa wa Kihoto, familia zilihama zikiwa na magodoro vichwani, na nyumba zikabaki na maji hadi madirishani. Magati mengi ya hoteli yalizama, na kwa muda mrefu watalii walipandia mashua kwenye bustani.

Nataka kumjibu mleta mada kuhusu lile swali la haki, maana naona limepitwa haraka. Hapa kwetu lililosaidia ni kwamba wenye mashamba ya ufuoni waliungana wakawa na chama chao, wakajadiliana wenyewe, na si kila mmoja kungoja barua ya serikali. Mtu huvumilia sharti alilokaa kikaoni akalitunga. Kwa hivyo yule ndugu wa Kiwanja Namba Tano, badala ya kuwa wa mwisho kushawishiwa, nadhani angefaa kuwa katika kamati yenyewe. Ndiye anayejua kinachoibiwa na saa kinapoibiwa. Tena msisahau viboko, kama mnao: kwetu njia yao ya usiku huachwa wazi, na gati halijengwi hapo kamwe.

Neno langu la tahadhari ni papyrus, yaani hayo mafunjo yenu. Yakishakatwa na mifugo ikaruhusiwa kukanyaga pale, huwa hayarudi kirahisi. Ziwa likiwa juu ndipo hung'oka na kuelea, likiwa chini ndipo huchipua. Kwa hivyo msipange kupanda upya kwa kalenda ya ofisi.

Mkazi wa Kando (mleta mada)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa shambani, nikimaanisha ukingoni, kwa siku mbili mfululizo.

Jumamosi tulikwenda na kamba ya kupimia, mimi, wenzangu wawili, na ndugu wa Kiwanja Namba Tano ambaye, baada ya ujumbe wa Naivasha, nilimpigia simu na kumwomba awe mwenyekiti mwenza. Alikubali kwa sharti moja, kwamba chumba cha injini kijengwe kabla ya gati, si baada yake. Nimeona ni sharti la haki na nimeliandika la kwanza. Tulitafuta alama za maji ya 2020, na tuliipata moja iliyo safi kabisa kwenye ukuta wa banda la kuku la mama mmoja wa nyumba ya tatu, mstari wa kahawia unaofika usawa wa goti langu, ambao yeye mwenyewe alikataa kuupaka chokaa ili wajukuu wauone. Kutoka pale tulipima mita 60 kuelekea nchi kavu. Kamba ilipita katikati ya sebule mbili, moja ikiwa yangu. Sikutegemea hilo, na nimeona ni lazima niliseme hapa kabla sijalisema kwenye mkutano. Hatutapendekeza nyumba yoyote iliyopo ibomolewe, kwani uamuzi wa namna hiyo uko juu ya uwezo wa mtaa. Tutapendekeza kwamba kuanzia sasa asiongeze mtu chochote cha kudumu mbele ya mstari huo, mimi nikiwa wa kwanza, na ule ukumbi niliokuwa nimeanza kuuchimbia msingi upande wa ziwa nimeshaufukia.

Mzee wa Mwalo, nimefanya ulivyoniagiza. Akina mama wanachota kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi, na tena jioni kuanzia saa kumi, nao wanafulia kwenye jiwe la bapa lililo hatua thelathini kaskazini mwa kijia. Gati tumelichora upande wa kusini ili jiwe lile lisiguswe. Geti halitakuwepo.

Kuhusu jirani mwenye ukuta wa mawe uliokwisha kujengwa, hatujapatana. Fundi Mashua, kama una nafasi, nitakuomba uje kabla ya mkutano wa tarehe 14 umweleze kwa maneno yako kama inawezekana kutoboa njia za maji chini ya ukuta huo bila kuubomoa wote, maana kwangu mimi anasikia jirani anayemwonea wivu, na kwako atamsikia fundi. Jana jioni nilimkuta amesimama peke yake karibu na mpera, ameshika mzizi mmoja, anautazama. Hatukusemezana zaidi ya salamu.

Vigingi vya mstari tumevikata kwenye mikaratusi na kuvipaka rangi nyeupe. Vinasimikwa Jumapili baada ya ibada.